Kwa nini tarakimu za lami zimeondolewa kwenye paketi ya sigara, na mvutaji wa sigara sita kwa siku afanye nini

Swali: "Daktari, nina umri wa miaka 47 na nimekuwa nikivuta sigara tangu nikiwa na miaka 23. Miaka michache iliyopita niliamua kujilinda: nilihamia sigara nyepesi, zile zilizoandikwa kiwango kidogo cha lami, na nikapunguza kutoka paketi nzima hadi sigara sita kwa siku. Sasa paketi mpya hazina tena tarakimu za lami na nikotini. Badala yake kuna picha ya mapafu yaliyooza na maneno kwamba sigara zinaua. Naona serikali imeninyang'anya taarifa niliyokuwa nikiitumia kuchagua, ikanipa vitisho. Kama sigara ni mbaya kiasi hicho, kwa nini isipigwe marufuku badala ya kuongezewa kodi kila mwaka? Na je, kwa sigara sita nyepesi kwa siku, nina sababu ya kuwa na wasiwasi?"

Ndugu msomaji, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu lina lalamiko ambalo watunga sheria hawalisikilizi ipasavyo: mvutaji ni mtu mzima, na mtu mzima anataka kuelezwa, si kukemewa. Katika hilo niko upande wako. Katika suala la tarakimu, hata hivyo, sina budi kutofautiana nawe, kwa kuwa tarakimu uliyokuwa ukiitegemea haikuwahi kupima kinachoingia kifuani mwako. Serikali ilipoiondoa ilikuwa inaondoa taarifa ya uongo, tena ya uongo ambao serikali zenyewe zilishiriki kuueneza kwa muda mrefu.

Tuanze na jinsi tarakimu zile zilivyopatikana. Sigara huchomekwa kwenye mashine ya maabara inayovuta kwa utaratibu usiobadilika. Katika kipimo kilichotumika kwa miongo mingi, mashine huvuta mililita 35 za moshi kwa sekunde 2, hutulia mpaka dakika moja itimie, kisha huvuta tena, na huendelea hivyo hadi sigara inapokaribia kuisha. Moshi hupitishwa kwenye chujio, na mabaki yanayonaswa humo, yakishatolewa maji na nikotini, ndiyo huitwa lami. Kipimo hicho kinafaa kulinganisha sigara moja na nyingine chini ya masharti yaleyale ya maabara. Hakuna binadamu anayevuta kwa masharti hayo.

Watengenezaji walipotaka tarakimu zishuke, njia kuu waliyotumia ilikuwa kutoboa matundu madogo sana kwenye karatasi inayozunguka kichungi. Mengi ya matundu hayo huwezi kuyaona mpaka uinue sigara mbele ya mwanga mkali. Mashine inapovuta, hewa ya nje huingia kupitia matundu na kuuzimua moshi, hivyo lami inayopimwa hupungua. Mvutaji naye huibana sigara kwa vidole na midomo karibu kabisa na matundu hayo, na mara nyingi huyaziba bila kujua. Asipoyaziba, hufanya jambo jingine ambalo mashine haiwezi kulifanya: huvuta kwa nguvu zaidi, kwa pumzi ndefu zaidi, na mara nyingi zaidi kabla sigara haijaisha.

Hafanyi hivyo kwa ukaidi. Nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde chache tangu moshi uvutwe, na ubongo uliozoea kiwango fulani hudai kiwango hichohicho. Ukimpa mwenye njaa kijiko kidogo hutampunguzia chakula, atachota mara nyingi. Mtu anayehama kutoka sigara kali kwenda sigara nyepesi hurekebisha uvutaji wake, mara nyingi siku ileile, bila kuamua wala kutambua, na kiasi cha nikotini kinachopatikana katika damu yake hakipungui kwa uwiano unaotajwa kwenye paketi. Nikotini haiji peke yake. Kila pumzi ya ziada huleta monoksidi ya kaboni, ambayo ni gesi yenye sumu, na kemikali zinazosababisha saratani.

Mwaka 2001, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilichapisha mapitio marefu ya ushahidi, ikahitimisha kuwa mabadiliko ya muundo wa sigara katika miaka 50 iliyotangulia hayakuonyesha kuleta faida kwa afya ya umma. Ripoti ya Daktari Mkuu wa nchi hiyo ya mwaka 2014 ilikwenda mbali zaidi: ilisema mabadiliko ya muundo na viungo vya sigara tangu miaka ya 1950 yameongeza hatari ya aina moja ya saratani ya mapafu, iitwayo adenokasinoma, ingawa ushahidi haukutosha kusema ni badiliko lipi hasa lililosababisha. Wazo moja linalopewa uzito ni kwamba moshi uliozimuliwa huvutwa ndani zaidi, hadi kwenye sehemu za pembezoni za pafu, ambako saratani hiyo hupenda kuanzia.

Nimesema serikali zilishiriki, nami sitaki kupita haraka hapo. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ndiyo iliyoidhinisha kipimo cha mashine katika miaka ya 1960, na kwa miaka mingi ikaruhusu tarakimu zake kutumika katika matangazo. Iliondoa idhini hiyo mwaka 2008. Watu wenye nia kama yako, waliokwisha kusikia kuwa sigara ni hatari na waliotaka kuchukua hatua, walipewa mlango wa kutokea usioelekea popote. Mwaka 2006, Jaji Gladys Kessler wa mahakama ya shirikisho jijini Washington aliamua kwamba makampuni makubwa ya tumbaku yalikuwa yameudanganya umma kwa miongo kadhaa, na udanganyifu kuhusu sigara nyepesi ulikuwa sehemu ya hukumu hiyo. Kwa hiyo, kama unahisi umechezewa, hukukosea kuhisi hivyo. Umekosea tu wakati ulipochezewa: ni pale tarakimu zilipowekwa.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku maneno kama "nyepesi" na "laini" kwenye paketi kupitia agizo la mwaka 2001. Kwa agizo jingine la mwaka 2014 uliondoa tarakimu za lami, nikotini na monoksidi ya kaboni, na mahali pake pakawekwa sentensi inayosema kuwa moshi wa tumbaku una zaidi ya kemikali 70 zinazojulikana kusababisha saratani. Mashine hazikutupwa: viwango vya juu kabisa vinavyoruhusiwa bado hupimwa maabara kwa ajili ya wakaguzi. Kilichoondolewa ni tarakimu kuonekana na mnunuzi, aliyekuwa akiisoma kama kipimo cha hatari yake.

Yaliyofuata yanaonyesha kwa nini kanuni hizi huonekana kuzidi kuwa kali. Maneno yalipokatazwa, rangi zilichukua kazi yake. Paketi ya dhahabu, ya fedha au nyeupe iliendelea kumwambia mvutaji kile ambacho neno halikuruhusiwa tena kusema. Uruguay ilijibu kwa kuamuru kwamba kila chapa iwe na aina moja tu ya sigara sokoni, na kwamba maonyo yafunike asilimia 80 ya paketi. Kampuni ya sigara ya Philip Morris ilifungua shauri la kimataifa dhidi ya nchi hiyo mwaka 2010, na mwaka 2016 baraza la usuluhishi likaipa Uruguay ushindi. Australia ilichukua njia nyingine: tangu Desemba 2012 paketi zote huko zina rangi moja iliyofifia na jina la chapa huandikwa kwa herufi za aina moja. Malalamiko ya kibiashara yaliyofuata katika Shirika la Biashara Duniani yalimalizika mwaka 2020 kwa Australia kushinda. Nimezitaja kesi hizi kwa sababu mtu huweza kudhani kuwa paketi ni karatasi ya kufungia tu. Makampuni yasingegharimia miaka ya mashauri kwa ajili ya karatasi ya kufungia.

Sasa picha. Canada ilikuwa nchi ya kwanza kuweka picha kubwa za maonyo, mwaka 2001, na Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika 2005, unazitaka nchi wanachama ziweke maonyo yanayofunika asilimia 50 au zaidi ya uso wa paketi, na kwa vyovyote yasiwe chini ya asilimia 30. Je, picha zinafanya kazi? Zinafanya, lakini kwa kiasi ambacho watetezi wake huwa wanakiongezea chumvi. Katika jaribio moja nchini Marekani, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016, wavutaji waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine paketi zao ziliwekwa picha, wengine maandishi pekee. Baada ya wiki nne, watu 40 kati ya 100 wa kundi la picha walikuwa wamejaribu kuacha, dhidi ya 34 kati ya 100 wa kundi la maandishi. Tofauti ni ndogo kwa mtu mmoja, ila huwa kubwa ikizidishwa kwa mamilioni ya wavutaji, na serikali haitumii fedha nyingi kuipata.

Lawama yako ya vitisho ina ukweli wake. Hofu humsaidia mtu anayeona njia ya kutoka. Asiyeiona huigeuza paketi, huifunika, au huacha kabisa kuitazama. Picha moja ikikaa miaka mingi bila kubadilishwa, macho huizoea. Ndiyo maana onyo zuri hubadilishwa mara kwa mara, hutaja ugonjwa mahususi badala ya kusema tu "ni hatari kwa afya", na huambatana na namba ya simu ambayo mvutaji anaweza kuipiga akapata msaada. Kama paketi yako ina picha lakini haina namba wala mahali pa kwenda, serikali yako imefanya nusu ya kazi, na una haki ya kuidai nusu iliyobaki.

Kuhusu marufuku, wazo hili limejaribiwa. Bhutan ilipiga marufuku uuzaji wa tumbaku mwaka 2004. Watu hawakuacha kuvuta. Biashara ya magendo kutoka ng'ambo ya mpaka ilistawi, na mwaka 2021 nchi hiyo ilibadilisha sheria na kuruhusu uuzaji tena. Ugumu uko wazi: unaikuta jamii ikiwa tayari na watu wengi wenye uraibu, na sheria haiwezi kuufuta uraibu wao kwa kutangazwa gazetini. Ndiyo maana baadhi ya nchi zimefikiria kuwazuia wale ambao hawajaanza. New Zealand ilipitisha mwaka 2022 sheria ya kuwakataza kuuziwa tumbaku wote waliozaliwa kuanzia 2009, kisha serikali iliyofuata ikaifuta kabla haijaanza kutumika. Maldives ilianza kutekeleza sheria ya namna hiyo mwezi Novemba 2025. Ni mapema mno kuihukumu.

Kodi ndiyo hatua yenye ushahidi mzito kuliko zote. Kwa wastani, bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hushuka kwa takriban asilimia 4 katika nchi tajiri na takriban asilimia 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na vijana ndio wanaoitikia zaidi. Naelewa shaka yako kwamba serikali inanufaika na ugonjwa wako. Shaka hiyo ina msingi pale kodi inapokusanywa bila senti yoyote kurudi kwenye huduma ya kuacha, kwa sababu mvutaji maskini asiyeweza kuacha ndiye anayebebeshwa mzigo mzito kupita wote. Hata hivyo, dosari hiyo haiigeuzi kodi kuwa hila, kwani watu wasiojiweza wanaoacha kwa sababu ya bei ndio pia wanaopata faida kubwa ya kiafya.

Nije kwenye sigara zako sita. Umepunguza kutoka paketi nzima, na sitaki uone kuwa hukufanya kitu. Hatari ya saratani ya mapafu hupungua kwa kadiri idadi ya sigara inavyopungua, ingawa miaka ya kuvuta ina uzito mkubwa kuliko idadi ya kila siku, na wewe una miaka 24. Moyo ni habari tofauti, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa mtu anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba takriban nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo anayoibeba mtu wa sigara 20. Sababu ni kwamba kuta za mishipa na chembe zinazogandisha damu huathirika kwa dozi ndogo sana ya moshi, kisha athari hiyo haiongezeki sana kadiri dozi inavyopanda. Kwa hiyo, kutoka 20 hadi 6 hukuipunguza hatari ya moyo kwa theluthi mbili kama hesabu ya kawaida inavyoahidi. Umepunguza kidogo tu, na bado, kwa kuwa wanaopunguza huelekea kuvuta kila sigara kwa nguvu zaidi, huenda sita zako ni nzito kuliko sita za mtu ambaye hakuwahi kuzidisha hapo.

Ndiyo, basi, una sababu ya kuwa na wasiwasi, na pia una sababu ya kutochelewa. Utafiti uliowafuatilia madaktari wa Uingereza tangu mwaka 1951 ulionyesha kuwa wavutaji wa maisha yote hupoteza kwa wastani miaka 10 ya uhai, na kwamba aliyeacha akiwa na umri wa karibu miaka 40 alirudishiwa takriban miaka 9, wa miaka 50 alirudishiwa 6, na wa miaka 60 alirudishiwa 3. Wewe una 47.

Njia za kuacha hazilingani. Kuacha ghafla kwa nguvu ya nia peke yake huwafanikisha watu wachache sana kwa kila jaribio, ingawa kwa kuwa wengi hujaribu, jumla yao si ndogo. Nikotini ya dawa, yaani plasta ya ngozi, chingamu au vidonge vya kumumunya, huongeza uwezekano wa kufaulu kwa takriban nusu, na plasta ikiunganishwa na chingamu au kidonge huwa bora kuliko kimoja peke yake. Kosa la kawaida ni kutumia dozi ndogo na kuacha mapema kwa kuogopa nikotini. Kinachoharibu mapafu na kuleta saratani ni moshi. Vareniklini na sitisini ni dawa za kumeza zinazokaa mahali ambapo nikotini hukaa ubongoni, na zina matokeo mazuri zaidi ya nikotini ya aina moja. Zinahitaji daktari azipime dhidi ya afya yako, hasa hali ya figo. Ushauri wa ana kwa ana au wa simu huongeza nguvu ya dawa yoyote kati ya hizi.

Utauliza kuhusu sigara za kielektroniki, maana wote huuliza. Zina sumu chache kuliko moshi wa tumbaku, na Uingereza huzipendekeza kwa mvutaji mtu mzima anayeacha; Shirika la Afya Duniani halizipendekezi, na nchi kadhaa zimezipiga marufuku. Kama zinaruhusiwa ulipo na dawa zimekushinda, kuhamia huko kabisa ni afadhali kuliko kuendelea na sigara. Kuzitumia pamoja na sigara sita, kama wengi wanavyofanya, ni kurudia hadithi ya sigara nyepesi.

Arosto, yaani mateso ya kukosa nikotini, huwa kali zaidi katika siku tatu za kwanza na hupungua sana ndani ya wiki mbili hadi nne. Kila wimbi la hamu hudumu dakika chache. Ukiteleza ukavuta moja, usiihesabu kuwa jaribio limekwisha. Endelea na dawa.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kuyapima. Ukikohoa damu, ukiwa na kikohozi kilichozidi wiki tatu au kilichobadilika tabia, sauti ikikwaruza bila kupona, ukipungua uzito bila sababu, au ukiona kidonda mdomoni kisichofunga, nenda hospitali wiki hii bila kusubiri tarehe ya kuacha. Maumivu ya kifua yanayobana, yanayoelekea mkononi au kwenye taya, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, ni dharura ya saa hiyohiyo. Hata kama huna dalili yoyote, mwambie daktari dawa zote unazotumia kabla ya kuacha. Moshi wa sigara huliamsha ini livunje baadhi ya dawa kwa haraka, miongoni mwake teofilini ya pumu na klozapini ya magonjwa ya akili, na moshi ukikoma, dozi ileile inaweza kuwa kubwa mno ndani ya siku chache. Mpangie pia wiki ya kurudi akupime shinikizo la damu na mapafu, na umwambie ukweli kuhusu idadi ya sigara, kwa sababu dozi ya plasta itatokana na jibu hilo.